Rehema, Uliponinyima Habari za Watu

Rehema mwanangu,

Sikuulizi hali, maana mchana huu nimekuona ukimaliza ming'oko sahani mbili na kuitazama ya tatu. U mzima. Na mimi ni mzima. Sasa hivi umekwenda kwa mjomba wako Saidi kuaga, na ninavyomjua kaka yangu, hatakuachia mpaka akusimulie ile safari yake ya Dodoma aliyorudi na kiatu kimoja. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa hapa nje, jua bado lipo kidogo, karatasi nimeziweka juu ya ungo.

Ningeweza kukuambia kwa mdomo. Lakini unanijua. Nikianza kusema jambo linaloniuma, nikifika katikati nageuka kufoka, mara nakugombeza kwa sababu ya ndoo ya maji isiyofunikwa, na jambo lenyewe linapotea. Kwenye karatasi sina ndoo ya kukimbilia.

Ya kula, ya kulala na ya baridi ya huko unakokwenda kusoma nayaacha. Sweta umeiona. Ninachotaka ni kukueleza kwa nini niligombana na wewe ulipotaka kuwa mwinjilisti, na kwa nini nimeacha kugombana. Hujawahi kuniuliza. Nadhani uliogopa, na mimi nilishukuru kwamba unaogopa.

Unajua kwamba baba yako alifariki wewe ukiwa tumboni. Unajua ni ugonjwa gani uliomchukua, na dawa ninazomeza unazijua, tangu ulipokuwa shule ya msingi ndiwe uliyekuwa ukinikumbusha, "Mama, umemeza?" Hayo hatukufichana. Nisichokueleza ni jinsi watu walivyokuja kujua.

Wakati ule tulikuwa na nyumba yetu Chiungutwa, karibu na njia panda. Kaka yako Dastani ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Asubuhi nilikuwa nakaanga vitumbua na kuchemsha chai, nauza pale walipokuwa wakipumzika wanaume wanaobeba magunia ya korosho na madumu ya maji kwa baiskeli. Vitumbua vyangu vilikuwa na sifa. Sijisifu mwenyewe, hata leo nikishuka Masasi sokoni hukutana na mtu wa Chiungutwa akaniambia, "Mama Dastani, tangu uondoke hatujala kitumbua chenye iliki."

Baba yako alipokwisha kuzikwa nilikwenda kliniki ya wajawazito. Walinipima, wakaniita chumba cha ndani, wakaniambia nimeathirika. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikulia njiani, sikulia nyumbani. Nilikaa na jambo lile nikikoroga unga, nikitwanga, nikiimba kanisani. Mama yangu alikuwa ameshafariki, kaka yangu yuko huku Makote, mume yuko kaburini. Nikaona nitapasuka. Nikamwendea mchungaji wetu.

Hapa nisikilize vizuri, Rehema. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana, mgeni katika usharika, mke wake hajazaa bado. Baba yako alipokuwa kitandani siku za mwisho, ndugu zake wa tumbo moja walisimama mlangoni wakauliza hali kutokea hukohuko mlangoni. Mchungaji aliingia ndani. Alimgeuza kwa mikono yake, akamfuta, akampa uji. Mtu kama huyo ndiye niliyempelekea jambo langu. Wewe ungempelekea nani mwingine?

Nilimkuta ofisini baada ya ibada ya katikati ya wiki. Nilimwambia yote. Alilia. Akanishika mikono akasema, "Mama Dastani, hili hutalibeba peke yako." Nikatoka pale mwepesi kama niliyetua mzigo wa kuni. Njiani nilinunua muwa nikautafuna nikitembea, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu msiba.

Jumapili yake, baada ya mahubiri, alisimama kuongoza maombi ya wagonjwa. Akamtaja mzee mmoja wa mguu, akamtaja mtoto aliyeungua na mafuta. Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema, "Ndugu zangu, tumwombee kwa machozi dada yetu Mama Dastani. Ule ugonjwa uliomchukua mume wake umempata na yeye, na ana mtoto tumboni. Tusimwache abebe peke yake."

Alikuwa akilia aliposema hivyo. Machozi yalikuwa ya kweli.

Wimbo ulioimbwa baada ya pale siukumbuki. Ninachokumbuka ni mwanamke aliyekaa karibu yangu, ambaye nilikuwa nimempakatia mtoto wake tangu ibada ilipoanza. Alinyoosha mikono bila kunitazama usoni, akamchukua mtoto wake. Taratibu, kwa adabu, kama mtu anayechukua sahani yake baada ya wenzake kumaliza kula.

Hawakunitukana. Hata mmoja. Walisema, "Pole sana, Mama Dastani, Mungu yupo," wakapita upande wa pili wa njia. Kesho yake nilikaanga vitumbua kama kawaida. Mpaka jua lilipokuwa kali beseni lilikuwa limejaa vilevile, na nzi. Nikavirudisha nyumbani nikawamwagia kuku. Keshokutwa hivyohivyo. Kuku wangu walinenepa mwezi ule kuliko kuku wote wa Chiungutwa.

Sasa nakuandikia jambo ambalo hata mjomba wako hulitaja kwa kuzunguka. Niliacha kliniki. Pale kliniki walikuwapo watu wawili wanaosali kwetu, na nilijiambia kwamba kama mchungaji mwenyewe ameshindwa kufunga mdomo, hawa, wanawake wa kawaida wenye kanga kama yangu, watanitangaza mpaka Lisekese. Walikuwa wameshaniambia kwamba zipo dawa za kumkinga mtoto, niendelee kufika. Sikufika. Nilikaa ndani, tumbo linakua, nawakasirikia watu. Na wewe ndiwe uliyekuwa humo tumboni. Wao walininyima tu fedha ya vitumbua. Mimi kwa hasira zangu karibu nikunyime uhai wako. Ilinichukua miaka kuweza kuifikiria sentensi hiyo.

Aliyeniokoa ni Saidi. Habari ilimfikia huku juu, akashuka na baiskeli. Hakuuliza kitu. Alikaa kizingitini, akanywa maji, akasema, "Dada, kesho tunakwenda hospitali Newala."

Nikamwambia, "Siendi kokote."

"Sawa. Mimi nakaa hapa mpaka uende."

"Kaa."

"Nitakaa. Ila ujue nyumbani nimeacha mbuzi hawajafungwa. Wakila mihogo ya watu, nitawaambia wenye shamba waje kwako."

Nilicheka, Rehema. Sikutaka, lakini nilicheka, na nilipocheka nikaanza kulia, kilio cha msiba ambacho sikukilia msibani. Yeye akakaa palepale. Hakunisemesha maneno ya dini, yake wala yangu. Asubuhi tulipanda nyuma ya gari la kubebea korosho, tukapanda mlima, mimi na Dastani tumekaa juu ya magunia matupu na Saidi ameshika mkono wangu kila gari linapoyumba.

Newala hakuna aliyenijua. Muuguzi alifunga mlango, akarudishia na dirisha, akaongea nami kwa sauti ndogo, ingawa mle ndani tulikuwa wawili tu. Sitamsahau kwa kile kidirisha. Alinipa kidonge cha kumeza uchungu utakapoanza, akasema mtoto naye atapewa dawa yake ya matone akizaliwa, na kwamba nisizalie nyumbani hata mvua inyeshe mawe. Nikamfuata neno kwa neno. Ukazaliwa hukohuko. Ulikuwa mdogo, mwekundu, na una kelele. Saidi alipokupakata alisema, "Huyu atakuwa muadhini," nami nikamwambia aende akawafunge mbuzi wake.

Nilikaa hapa Makote mpaka nilipopata nguvu, kisha nikarudi Chiungutwa, kwa sababu mikorosho ilikuwa inaanza kudondosha na hakuna wa kuokota. Siku chache baada ya kurudi, mchungaji alikuja. Nilikuwa jikoni, wewe uko mgongoni. Alibisha hodi mara nyingi kabla sijamjibu. Alikuwa amekonda. Akapiga magoti pale kwenye majivu, na suruali yake ya kitambaa.

"Mama Dastani, nimekukosea. Nilidhani nawaita watu waje kukusaidia. Sikujua nawafukuza."

Nilikuwa nachochea moto.

"Jumapili nitasimama mbele ya watu wote," akasema, "niseme kwamba nilikosa."

Hapo nikageuka. "Utasema ulikosa nini?"

Akainamisha kichwa.

"Utasema, nilikosa nilipowatangazia kwamba Mama Dastani ana ugonjwa huu? Utalisema tena? Wale ambao siku ile hawakuja kanisani nao wasikie?"

Nilimwona akielewa. Lilimshukia usoni taratibu, kwamba kile alichokitoa hakirudi, na kwamba hata kuomba radhi mbele ya watu ni kukitoa upya. Aliuliza kwa sauti ya chini sana, "Sasa nifanye nini?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye uliyesomea."

Akaondoka na majivu magotini. Nikadhani hatarudi.

Kesho yake asubuhi, niko njia panda na beseni langu dogo, kwa mazoea tu kuliko kwa kutegemea, akaja. Akavuta kigoda akakaa. "Mama Dastani, habari za asubuhi. Naomba chai, na vitumbua." Nikamwekea. Akala, akanywa, akarudisha kikombe, akanishukuru, akaenda zake. Hakutoa neno la Mungu. Hakumwita mtu. Keshokutwa akaja tena. Akawa anakuja kila siku, anakaa mahali ambapo kila anayepita njia ile lazima amwone, anakula polepole. Siku moja kikombe kilikuwa kimoja tu, na nilikuwa nimekwisha kukinywea mimi. Akanyoosha mkono, akasema, "Nipe hichohicho," akakitumia.

Wenye baiskeli ndio waliotangulia kurudi, maana njaa ya kupanda na gunia haina ubishi. Kisha walimu wa shule. Kisha yule mwanamke wa kanisani, aliyenichukulia mtoto wake mikononi, akamtuma mtoto huyohuyo na bakuli. Nilitaka kumrudisha na bakuli tupu. Nikamjazia. Sijui ni wema au ni biashara, nilijaza tu.

Ikabaki habari yako wewe. Wakati ule ilibidi tusubiri mpaka ukue kiasi ndipo wakupime wapate jibu la hakika. Mchungaji alikuwa akija kunywa chai, anakutazama mgongoni kwangu, namwona anameza swali. Hakuuliza hata mara moja. Siku tulipokwenda Newala kupokea majibu ulikuwa umeshaanza kutembea, unaning'inia kwenye kanga yangu. Wakaniambia, "Mtoto hana." Nikauliza, "Hana nini?" Yule muuguzi akacheka, akarudia, "Hana virusi, mama. Mzima." Nikakaa chini kwenye sakafu ya korido, sikuwa na habari na watu. Wewe ukadhani ni mchezo, ukaja ukakaa juu ya miguu yangu. Mpaka leo watu wakiniambia maana ya neno rehema mimi nawasikiliza kwa adabu tu. Naijua ilivyo, na sakafu yake ni ya baridi.

Niliporudi nikamwambia mchungaji. Nilimwambia kwa makusudi, kumjaribu. Aliweka kikombe chini, akainama, kisha akafuta uso akaomba kitumbua kingine. Jumapili sikwenda kanisani. Nilikuwa sijaenda tangu siku ile. Lakini mchana nilimwita jirani mmoja anayesali huko, nikamuuliza kwa ujanja, "Leo mchungaji kasema nini?" Akasema, "Kahubiri habari za Yona." "Basi?" "Basi. Na kwamba paa linavuja." Nikajua amejifunza. Ndani yangu siku hiyo nilimsamehe.

Ila sikumwambia. Hapo ndipo ninapojilaumu. Alipohamishwa, watu wa usharika walimfanyia sherehe ya kumuaga, mimi nikakaa nyumbani nikipepeta mbaazi. Alipita na mizigo yake, akasimamisha gari pale nje, akateremka. Alisema, "Mama Dastani, nakwenda." Nikamwambia, "Haya, safari njema." Maneno hayo tu, kama ninayemuaga mnunuzi wa korosho. Yalikuwapo mengine, nikabaki nayo. Nasikia yupo hai, yuko upande wa Tunduru, ameshaota mvi. Sijui kama hulala vizuri kuhusu mimi.

Baadaye tulihamia Makote, Saidi akatupa eneo, ukakua na watoto wake. Nikakulea mbali na kanisa, nawe hukujua ni kwa nini. Ulipotaka kwaya nikasema sauti yako ni ya kufukuzia ndege wa mtama. Haikuwa kweli. Ulipopata ubatizo wako mwenyewe, ukiwa msichana mkubwa, nikasema sawa, lakini sikuja. Na uliponiambia umeitwa kuwa mwinjilisti, nilikwambia lile neno, kwamba hiyo ni kazi ya kuokota siri za watu na kuzimwaga barabarani. Ulisimama kama niliyekupiga. Siku ya kuingizwa kazini nilikwenda shambani kupalilia. Ulirudi na kanzu yako nyeupe, ukanikuta shambani, ukasema, "Shikamoo, mama." Sikuitikia marahaba mara moja. Ukaivua kanzu, ukaitundika kwenye tawi la mkorosho, ukachukua jembe la pili ukaanza mstari wako. Tulipalilia mpaka jioni. Nilikuwa nakupenda siku ile kuliko siku zote, na sikuweza kuinua uso.

Nilikuwa naogopa, Rehema. Sikuogopa kwamba utakuwa mbaya. Mtu mbaya ningekuwa na la kumfanyia: ningemtangazia ubaya wake, ningehama, ningemshitaki. Niliogopa kwamba utakuwa mwema. Kwamba utawapenda watu sana, utalia nao, na kwa upendo huohuo siku moja utasimama mbele ya watu na kumvua mtu nguo. Na kwamba watakuheshimu sana hata hakuna atakayekwambia acha. Mimi mwenyewe naona jinsi wanavyonitendea tangu uanze kazi. Nikienda msibani napewa kiti. Kuku wanaletwa. "Mama mwinjilisti, karibu mbele." Inanoga. Kama kwangu mimi, mama tu, inanoga hivi, kwako itakuwaje?

Ndiyo maana ulipotusomea ule ujumbe kwenye simu, kwamba umechaguliwa kwenda kusoma na maimamu vijana na wachungaji na masista, habari za maadili ya kazi yenu, mimi nilimwachia Saidi aulize, "Kwani kuhubiri nayo ni taaluma, mpaka iwe na maadili ya kusomewa?" Ukamjibu, "Mjomba, daktari akikosea, kuna wa kumuuliza. Mwinjilisti akikosea, watu wanasema ni shetani, na kesho anaendelea." Saidi alicheka mpaka akakohoa. Mimi niliingia ndani nikajifanya natafuta chumvi.

Lakini hata hapo nilikuwa bado sijatulia. Kilichonituliza ni jambo dogo, na wewe labda umeshalisahau.

Ni pale jirani yetu alipokuja. Unamjua nani, sitaandika. Alikuja wakati wa kuanua mihogo, kanga ameivuta mpaka machoni, akasema anamtaka mwinjilisti. Mkakaa nyuma ya nyumba. Mimi niko huku mbele na mbaazi zangu, nasikia analia, maneno siyasikii. Nakwambia ukweli: nilisogeza ungo karibu na kona. Bado sikusikia. Alipoondoka, ukaja kukaa nami, ukaanza kupukuchua.

Nikasema, "Ana nini yule?"

Ukasema, "Amekuja kuongea na mimi, mama."

"Najua. Kuhusu nini? Ni mume wake?"

Ukaendelea kupukuchua.

"Rehema, mimi ni mama yako. Nitamwambia nani mimi?"

Ukaniangalia. Ukasema kwa upole kabisa, "Mama, usiniombe kitu ambacho itabidi nikunyime."

Nilikasirika. Niliona umekuwa mkubwa kwangu, umevaa ile kanzu mpaka jikoni. Nilikuwekea ugali bila kukukaribisha, unakumbuka? Ukala, ukasema ahsante, ukaosha vyombo.

Wiki ile nikaenda kuteka maji. Wanawake wamejaa bombani, madumu yamepangwa, na jirani yule ametajwa kabla sijatua dumu langu. Wamemwona akitoka kwetu. Mmoja akanigeukia, akapunguza sauti kama tuko chama kimoja. "Mama Dastani, wewe utakuwa unajua. Mwanao kakwambia nini?"

Nikasema, "Hajaniambia kitu."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Wakatazamana. Na mimi, Rehema, niliposema lile neno, hata mimi, kitu kikaniachia kifuani. Sina namna nyingine ya kukieleza. Tangu ile Jumapili nilikuwa nimebana pumzi, nimepika nikiwa nimebana, nimewalea nikiwa nimebana, na pale bombani katikati ya madumu nikapumua. Nilijua kwamba yupo mwanamke Makote hii ambaye jambo lake liko salama, na mahali lilipo salama ni ndani ya mwanangu. Nikajitwisha dumu. Njia nzima nilikuwa nacheka peke yangu, na maji yananimwagikia mgongoni. Mtu aliyeniona lazima alisema Mama Dastani amerukwa na akili.

Kwa hiyo nenda. Sina wasiwasi. Nitakumisi, hilo ni lingine, na nitamgombeza Dastani kwenye simu badala yako. Huko darasani watakufundisha kwa maneno makubwa yale ambayo sisi tuliyapata kwa kuungua. Yasikilize. Mchungaji wetu angepata mtu wa kumkalisha chini mapema na kumwambia, "Kabla hujamwombea mtu kwa sauti, muulize," sidhani kama angekasirika. Angeshukuru. Wasikilize na maimamu. Mjomba wako ni Mwislamu, hajawahi kunihubiria, na mpaka leo mke wake hajui kwa nini tulikuwa tunakwenda Newala. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usikimbilie kujitangaza ili roho yako ipone. Mwulize kwanza uliyemkosea anataka nini. Anaweza asijue. Basi kaa karibu na yeye mpaka ajue.

Kuna jambo moja nimelizungusha tangu nianze barua hii. Nimeona kwenye ile ratiba yako kwamba kila mmoja ataeleza kisa cha kweli kutoka kwao. Nilipochukua kalamu nilikusudia kukuandikia kwamba hiki changu usikiseme. Nilikuwa nimeshajiandaa na kulipigia mstari.

Nimebadili mawazo. Kiseme. Waambie mama yako alikuwa akikaanga vitumbua Chiungutwa. Wakitaka jina langu wape, na ugonjwa wangu utaje, sioni haya tena, na safari hii ninayetoa ruhusa ni mimi. Waambie na la kliniki, hata kama watanihukumu.

Jina la mchungaji ndilo usilitaje. Yeye hatujamuuliza.

Nakusikia unakuja, wewe na mjomba wako mnabishana njiani. Naikunja hii niitie kwenye mfuko wa sweta.

Mimi mama yako,
Mama Dastani na Rehema